Inspekta Mbombo na Sauti ya Makomeno

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudisha kofia ya Inspekta Mbombo. Hakukuwa na makuu. Kulikuwa na keki, maji ya matunda, na hotuba ya mwongozaji wetu, Papa Mwamba, ambaye alilia mpaka akasahau jina langu akaniita Mbombo mara zote. Baada ya keki, vijana wa kikundi waliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. "Yaya Odile, andika kila kintu," wakasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Sitaandika kila kitu. Habari za mishahara na vyeo muwaulize wahasibu, wao hawasahau. Mimi nitaandika kuhusu viatu, kuzimia, na mama mmoja wa Makomeno.

Kwa waliozaliwa juzi: Inspekta Mbombo ni polisi mwanamke aliyechunguza mambo ya mizimu na wachawi kila Jumatano jioni, katika kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa juu ya duka la dawa hapa Lubumbashi. Nilimcheza tangu nikiwa msichana hadi magoti yangu yalipoanza kupiga kelele kuliko mizimu.

Nilitokea mtaa wa Kamalondo, katika kikundi cha maigizo cha parokia. Nilikuwa nimecheza Bikira Maria Noeli nyingi, na mfalme Herode mara moja, mwenye nafasi hiyo alipolazwa na malaria. Papa Mwamba alikuja kanisani mwaka wa Herode. Baada ya misa alinifuata akaniambia nina sauti ya kukamata watu.

Siku yangu ya kwanza alinipa gauni jekundu la kubana, viatu vyenye visigino vyembamba kama misumari, na bastola ya plastiki ambayo ukiibonyeza inapiga filimbi. Kazi yenyewe ilikuwa kumfukuza mzimu katika uwanja nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Mzimu alikuwa Papa Zozo, mwanamume mrefu, mwembamba, mpole, aliyecheza mizimu yetu yote tangu mwanzo. Alijifunika shuka nyeupe ya mke wake. Shuka ilikuwa na maua pembeni, na tuliambiwa kamera haitayaona. Kamera iliyaona.

Nikakimbia. Kisigino kikazama katika udongo kikabaki huko. Mimi niliendelea bila kiatu, nikaendelea kidogo bila mizani, kisha nikamwangukia mzimu mgongoni na bastola ikapiga filimbi.

"Pole, Mama Inspekta," Papa Zozo akasema chini ya shuka.

"Coupez," akasema Papa Mwamba kusimamisha kamera. "Turudilie. Na mara hii, Odile, ukimbie na élégance, na maringo."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Sidonie kwa mara ya kwanza akisimama kutoka kwenye kiti chake. Yeye ndiye aliyetuandikia hadithi. Kabla ya kuhamia Lubumbashi alikuwa mkunga huko Mitwaba, na alizungumza kwa upole wa mtu aliyezoea kuzungumza na watu wanaopiga mayowe.

"Papa Mwamba, huyu mwanamuke amekula nini asubuyi?"

"Nani, Odile?"

"Hapana. Mbombo."

"Mbombo haiko muntu, Mama Sidonie. Iko wa kuandika tu."

"Kama hakukula, hawezi kukimbia. Kama alikula, hawezi kuingia mu ile nguo."

Mama Sidonie akanigeukia, akaniambia niende nyumbani nikafikirie Mbombo anabeba nini katika mkoba wake, nirudi nao kesho. Nilidhani ni mtihani. Nilirudi na mkoba wa mama yangu mkubwa, ndani yake mna rozari, dawa ya kichwa, karanga za kukaanga, ufunguo wa nyumba uliofungwa kwa utepe, na kandambili. Mama Sidonie alitoa vitu kimoja kimoja akavitazama kama mtu anayekagua nyama sokoni. Alipofika kwenye kandambili alitabasamu.

Tulikubaliana hivi na Papa Mwamba: Inspekta Mbombo atafika kazini na visigino virefu kwa sababu mkubwa wake anapenda hivyo, na mkubwa akigeuka tu, atavaa kandambili. Papa Mwamba alikubali akifikiri hakuna atakayeona. Juma lililofuata, nilipopita soko la Kamalondo, mama wauza samaki walinyanyua miguu yao wakanionyesha kandambili zao. Kisha wakarudi kwenye samaki wao. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Ndugu zangu wadogo, mtakutana na waongozaji wa aina mbili. Wa kwanza anataka mwanamke azimie. Papa Mwamba alikuwa wa aina hiyo miaka ya mwanzo. Katika kisa cha jeneza linalotembea, aliandika yeye mwenyewe kwamba Mbombo anauona mzimu, anazimia, na anadakwa na msaidizi wake, Luteni Deo. Deo alikuwa kijana mzuri sana wa sura, na alilijua hilo.

Nilimuuliza Mama Sidonie nifanye nini. Alikuwa anakunywa chai. "Fanya vile anasema," akanijibu. "Lakini zimia vile bantu banazimia."

Basi nilizimia vile watu wanavyozimia. Sikuweka mkono kwenye paji la uso. Sikuguna. Niliachilia magoti, nikaenda chini na uzito wangu wote, na wakati huo nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, vizuri. Deo alinidaka kama alivyoagizwa. Tulianguka pamoja juu ya jeneza, jeneza likafunguka, na ndani tukamkuta Papa Zozo amelala usingizi, maana tulikuwa tumechelewa kuanza. Aliamka, akaona watu wawili juu yake, akapiga ukelele wa kweli kabisa. Papa Mwamba aliuhifadhi ukelele huo, akautumia katika vipindi vilivyofuata hata pale ambapo mtu alikuwa amekanyaga mwiba tu. Deo alivaa bandeji mkononi kwa muda. Mbombo hakuzimia tena.

Mwongozaji wa aina ya pili anataka mwanamke asiogope kitu. Papa Mwamba alihamia aina hii bila kupumzika katikati. Ghafla nilitakiwa kupiga wachawi mateke, kuruka ukuta na kucheka mbele ya majoka. Kisa kimoja kilikuwa na mbuzi aliyeingiwa na pepo. Nilitakiwa kumtazama mbuzi machoni bila kupepesa, nimshinde. Mbuzi alinitazama pia. Hakupepesa. Kisha alikula kurasa za maneno yangu, akaanza kula na za Deo. Siku ile ndipo Mama Sidonie alipomwambia Papa Mwamba maneno ambayo nimeyabeba tangu wakati huo.

"Andika kwamba anaogopa," alisema. "Halafu andika kwamba anaingia."

"Na katikati, nini?"

"Katikati anatafuta kandambili."

Nimecheza hivyo maisha yangu yote. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nacheza tu. Nilikuja kujua maana yake siku ya Makomeno, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia kwa kirefu.

Asubuhi moja mwanamke alipanda ngazi za studio akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge safi na macho yaliyokosa usingizi. Jina lake Mama Clarisse, anaishi mtaa wa Makomeno.

"Weye njo Inspekta Mbombo?" aliniuliza.

"Miye niko Odile, Mama. Mbombo iko wa televizyo."

"Najua. Siko mujinga. Lakini mwenye kufikiria mambo ya Mbombo, iko nani?"

Nilimwonyesha Mama Sidonie.

"Basi mukuye bote," akatuita kwake, akakaa kwenye kiti cha Papa Mwamba.

Akatueleza. Kwao kuna sauti darini. Inakuja mchana, umeme unaporudi baada ya kukatika. Ni sauti ya mwanamume, inanong'ona, na inataja majina ya watu waliokufa. Mara nyingine inaimba wimbo wa kanisa. Sasa mama mkwe wake, Nkambo Marceline, nkambo maana yake bibi kwetu, hukaa chini ya pale sauti inapotokea na kuijibu. Sauti ikitaja jina, yeye anatikisa kichwa na kusema "masikini." Siku moja ilitaja jina la rafiki wa mume wa Clarisse, kabla hata habari ya msiba haijawafikia. Mume wake, Papa Dieudonné, alikuwa nyumbani siku hiyo akasikia. Akaenda kwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaani, na kiongozi akamwambia kwamba mama yake ni mulozi, yaani mchawi, anawachagua wa kufa pamoja na sauti.

"Leo mchana balongo, jamaa yote, banakutana," alisema. "Banataka kumurudisha Mitwaba. Kule hakuna hata muntu mwenye kumujua sasa. Ataishi na nani? Valizi yake ya nguo iko tayari ku mulango."

"Na weye unasemaje?" Mama Sidonie akamuuliza.

"Ile mama alinikamata mukono wakati nilizala batoto bangu yote. Miye hapana kukubali."

Nilimwambia kwa adabu kwamba sisi ni watu wa maigizo, kwamba mizimu yetu yote ni Papa Zozo. Papa Zozo akainua mkono kuthibitisha. Lakini Mama Sidonie alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Tangu aliposikia jina la Mitwaba, kule alikokuwa mkunga, sura yake ilikuwa imebadilika. Tukaenda naye wote watatu. Papa Zozo alikuja kwa shingo upande, maana, jambo ambalo watazamaji wetu hawakulijua, aliogopa mizimu kuliko mtu yeyote jijini.

Tulikuta uani watu wengi: wajomba, mashangazi, majirani, na kiongozi wa maombi aliyevaa suti nzito na viatu vya kung'aa. Waliponiona walianza kunong'ona. Kijana mmoja aliuliza kamera iko wapi. Papa Dieudonné, mtu mnene mwenye haya, alinisalimu bila kunitazama usoni.

"Mama Inspekta," akasema, "hii haiko mambo ya televizyo."

"Najua, Papa. Nimekuja kusalimia tu."

Hapo umeme ukarudi. Mtaa mzima ulishangilia kidogo kama kawaida, kisha watu wa uani wakageukia nyumba. Kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti. Ilikuwa ya mwanamume, ya mbali, kama mtu anayezungumza akiwa amefunikwa na godoro. Niliyasikia majina. Niliyasikia vizuri. Watu wakarudi nyuma mpaka getini. Kiongozi wa maombi alianza kuomba kwa sauti kubwa, akirudi nyuma pamoja na wengine.

Nitawaambia ukweli: miguu yangu ilitaka kwenda nao. Nilitazama kando nikitafuta mtu wa kunipa maneno ya kusema, na nikamwona Mama Sidonie, naye hakuwa na maneno. Alikuwa ananitazama tu. Nikavua viatu mlangoni, kama mtu anavyofanya kwenye nyumba ya watu, nikaingia.

Nkambo Marceline alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, bakuli la karanga mapajani, anamenya. Alikuwa mdogo wa mwili, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Juu yake sauti ilitaja jina la mtu na jina la mtaa. Nkambo akatikisa kichwa. "Masikini," akasema.

Nikakaa sakafuni karibu naye. Sikujua Mbombo angesema nini, basi niliuliza nilichotaka kujua.

"Nkambo, ile sauti iko nini?"

Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza ndoo ni nini.

"Iko radio," akasema.

"Radio?"

"Radio ya bwana yangu. Alikuwa wa chemin de fer, kazi ya reli. Wakati wa bezi, benye kuiba mu manyumba, aliificha kule juu, akaifunga na ma-fil, waya ya umeme. Miye njo nilikamata ngazi. Kisha ile fil ikakufa, tukaisahau. Sasa Dieudonné ameleta muntu wa kutengeneza umeme, akafufua ma-fil yote." Alimenya karanga nyingine. "Sasa inasema communiqué ya bafu, matangazo ya benye kufa. Napenda kusikiliza. Batu ba umri wangu, njo vile tunapata habari za barafiki."

"Juu ya nini haukubaambia?" nikauliza sababu.

"Bananiombea tu, mwana wangu. Hakuna mwenye aliniuliza."

Mama Sidonie alikuwa amesimama nyuma yangu. Alivua miwani yake akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akamwita Papa Zozo, akamwonyesha kidirisha cha dari kilichokuwa ukumbini, akamwambia apande.

"Miye?" akasema Papa Zozo.

"Weye njo mwenye urefu."

Alipanda akisali. Tulisikia akitambaa juu yetu, akikohoa, akiomba radhi kwa vitu tusivyoviona. Kisha sauti ikakatika katikati ya jina, mbao ikalia, na mguu mmoja wa Papa Zozo ukatokea kwenye dari juu ya meza ya chakula. Ukaning'inia hapo kwa muda, ukatafuta mahali pa kukanyaga, ukarudi juu. Nkambo alikisogeza kiti chake kando akaendelea kumenya.

Mwishowe akashuka. Alikuwa mweupe kutoka unywele hadi vidole, chokaa ya miaka yote imemmwagikia, utando wa buibui unamning'inia masikioni, na nyaya zinamburuta nyuma. Mikononi amekumbatia radio kubwa ya mbao. Alijiona shujaa, na ni haki yake. Basi, kabla hatujamwambia ajipanguse, alitoka uani kuwaonyesha watu. Na kwa kuwa alikuwa amezoea kutokea mbele za watu kwa namna moja tu, aliiinua radio juu ya kichwa na kusema kwa ile sauti yake ya kazini, nzito na ya kutetemeka:

"Niiimeipata."

Sijaona uwanja ukibaki mtupu haraka namna ile. Mashangazi walipita getini watatu kwa pamoja. Kijana aliyeulizia kamera alipanda mti wa parachichi. Kiongozi wa maombi hakusubiri geti. Aliruka ukuta akiwa na suti yake, kwa namna ambayo Papa Mwamba aliniomba miaka mingi na sikuiweza, akaacha kiatu kimoja kinang'aa uani.

Papa Dieudonné pekee alibaki, amekumbatia mti wa parachichi. Papa Zozo alimkaribia, akijuta sasa, akampa radio. Dieudonné aliipangusa kwa mkono wa shati. Juu ya mbao, kwa ncha ya kisu, palikuwa pamechongwa jina la baba yake.

Alikaa chini hapo hapo, radio mapajani. Mama Clarisse alikwenda mlangoni, akaibeba ile valizi, akairudisha chumbani kwa mama mkwe wake. Tulimsikia akifungua kabati na kupanga nguo.

Baada ya muda Dieudonné aliingia ndani. Alipiga magoti mbele ya mama yake. Nilidhani atasema maneno mengi, na sisi wa maigizo tungempa mengi. Alisema tu, "Mama." Nkambo akamtazama, akasogeza bakuli katikati yao. Mwanawe akachukua karanga akaanza kumenya. Alikuwa anamenya vibaya, nusu zinaanguka sakafuni. Mama yake hakumsahihisha.

Nkambo aliomba jambo moja tu, kwamba radio iwekwe chumbani kwake, karibu na kitanda, kwa kuwa darini ilikuwa haisikiki vizuri.

Bila shaka tulikifanya kisa hicho kuwa kipindi. Papa Mwamba alitaka mwisho wake uwe na mzimu wa kweli, kwa hoja kwamba radio haitishi. Mama Sidonie alimwambia aende akamuulize yule bwana wa kiatu. Kwa nafasi ya Nkambo walimleta mwigizaji mzuri sana wa jukwaa, na kwa kweli alifanya kazi. Alilia, alijitupa chini, aliwashika wajomba miguu akiwaomba wamhurumie. Mpiga kamera wetu naye alilia.

Mama Sidonie alisema si adabu kuonyesha jiji zima kabla ya kuwaonyesha wenyewe. Tukapeleka picha za kipindi Makomeno. Familia yote ilikaa ukumbini, chini ya kiraka kipya cha dari. Nkambo Marceline alitazama kwa makini, mikono mapajani. Yule mwigizaji alipojitupa chini, Nkambo aliniinamia.

"Huyu mama iko nani?"

"Iko weye, Nkambo."

Alitazama tena kidogo.

"Miye sikulia," akasema. "Nilikuwa na kazi."

Mama Sidonie alimtazama Papa Mwamba. Papa Mwamba alitazama dari. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama Nkambo angekubali kufanya mwenyewe. Nkambo aliuliza itachukua muda gani na kama angeweza kumenya karanga huku wanapiga picha. Aliambiwa anaweza.

Tulirudi na kamera na taa. Papa Mwamba alimweleza pa kukaa, pa kutazama, na namna ya kuonyesha huzuni bila kuzidisha. Nkambo alimsikiliza kwa adabu. Taa zikawashwa. Mimi niliingia peku nikakaa sakafuni. Papa Mwamba akavuta pumzi aseme "action", na wakati huo huo, kule chumbani, matangazo ya wafu yakaanza.

Nkambo Marceline akainua kidole kimoja kumnyamazisha.

Papa Mwamba akanyamaza. Sote tulinyamaza, taa zinawaka, mpiga kamera amejikunyata, mpaka jina la mwisho lilipotajwa na Nkambo akasema "masikini" na kurudi kwenye karanga zake.

"Sasa," akamwambia Papa Mwamba. "Unaweza kuanza."